Bangi Mbele ya Sanduku la Kura

Wako wanaodhani kuwa watu wa California waliamka siku moja wakahalalisha bangi. Sivyo. Safari hiyo ilichukua miaka 44.

Novemba 1972, wapiga kura wa jimbo hilo la Marekani waliulizwa iwapo mtu mzima asiadhibiwe kwa kuvuta bangi. Theluthi mbili walikataa. Mwaka 1996 swali lilirudi na sura nyingine: je, mgonjwa wa saratani au UKIMWI aruhusiwe kuitumia kwa ushauri wa daktari? Mmoja wa waliolipigania, Dennis Peron wa San Francisco, alikuwa amefiwa na mwenzi wake kwa UKIMWI mwaka 1990. Safari hii zaidi ya asilimia 55 walikubali.

Mwaka 2010 waliulizwa juu ya bangi ya starehe, wakakataa. Mwaka 2016 wakakubali kwa asilimia 57, na waliokwisha kuhukumiwa wakapewa nafasi ya kuomba wapunguziwe adhabu.

Hata hivyo, kura ya jimbo ina mipaka yake. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa serikali kuu inaweza kumshtaki hata mgonjwa aliyeruhusiwa na sheria ya California.

Basi tukumbuke jambo moja: kura hujibu swali lililoulizwa, si jingine. Kabla hatujasema wananchi wameamua nini, yafaa tujue waliulizwa nini, na nani aliyetunga swali.