Ushiriki wa wananchi katika huduma za Nyaraka za Taifa

Ushiriki wa wananchi katika huduma za Nyaraka za Taifa ni nafasi ya watu wasio watumishi wa hifadhi ya nyaraka kuomba kumbukumbu, kutoa maoni au malalamiko, kukabidhi nyaraka zao na kusaidia kuzitambua zile zilizohifadhiwa. Nchini Tanzania huduma hizo zinasimamiwa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyo chini ya Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora.

Historia

Hifadhi ya nyaraka ya Tanzania Bara ilianzishwa kwa waraka wa Rais mwaka 1963, kisha ikapewa sheria yake mwaka 1965. Ilipokea majalada ya utawala wa Kijerumani na wa Kiingereza. Nyaraka za Kijerumani ziliandikishwa mwaka 1997 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Zanzibar ina hifadhi yake, iliyopo Kilimani mjini Unguja.

Misingi ya kisheria

Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002 ilichukua nafasi ya ile ya 1965. Kwa kawaida nyaraka za umma hufunguliwa kwa wasomaji zikifikisha miaka 30, ingawa baadhi huweza kufungwa kwa muda mrefu zaidi. Ibara ya 18 ya Katiba inatambua haki ya kutafuta na kupata habari, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaweka utaratibu wa kuomba taarifa zilizo mikononi mwa ofisi za umma.

Njia za ushiriki

* Ukumbi wa kusomea: msomaji huomba jalada kwa kutumia orodha za hifadhi. Watafiti kutoka nje ya nchi huhitaji pia kibali cha COSTECH.
* Maoni na malalamiko: ofisi za umma huwa na mkataba wa huduma kwa mteja, unaoeleza muda wa kuhudumiwa na namna ya kulalamika.
* Kukabidhi nyaraka: watu na familia huweza kutoa barua, picha na hati zenye thamani ya kihistoria. Sheria ya Kuwaenzi Waasisi wa Taifa ya mwaka 2004 inahusu kumbukumbu za Julius Nyerere na Abeid Amani Karume.
* Utambuzi: wazee huweza kutaja watu na mahali katika picha na majalada yasiyo na maelezo.

Mfano wa Ileje

Itumba ni makao makuu ya Wilaya ya Ileje katika Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya. Eneo la Ileje liliwahi kuwa sehemu ya Wilaya ya Rungwe, hivyo anayetafuta habari zake za zamani huanza na majalada ya Rungwe, yaliyoandikwa Tukuyu. Vitabu vya wilaya vya wakati wa Waingereza vilitunza maelezo ya machifu, mipaka na desturi. Kwa Wandali na Walambya maelezo hayo yana uzito, kwa kuwa mpaka wa mto Songwe, uliotokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890, ulipita kati ya watu wenye undugu.

Kutoka Itumba hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Kwa sababu hiyo, masijala ya halmashauri ndiyo mlango wa kwanza kwa mwananchi mwenye shauri la ardhi au mstaafu anayefuatilia mafao. Jalada likipotea hapo, halitafika kamwe katika hifadhi ya taifa.

Nchi nyingine

Nchini Kenya sheria ya mwaka 1965 iliweka baraza la kuishauri serikali kuhusu nyaraka za umma. Hifadhi ya taifa ya Uingereza ina kamati ya ushauri ya watumiaji, na ile ya Marekani huwaalika watu wa kujitolea kunakili hati kupitia intaneti. Kesi ya wazee wa Mau Mau iliilazimu Uingereza mwaka 2011 kukiri kuwa ilikuwa na majalada ya makoloni yaliyofichwa. Majalada hayo, yakiwemo ya Tanganyika, yalianza kufunguliwa mwaka 2012.

Tazama pia

* Wilaya ya Ileje
* Mkoa wa Songwe
* Masijala