Mji Uliojulikana kwa Sikio

Katika mji wa Unguja wa enzi za masultani, kabla ya redio kuingia majumbani, mtu aliyetaka kujua bidhaa gani imeshushwa jahazini, ngoma gani itapigwa usiku na arusi ya nani imekaribia, hakuhitaji hata kujua kusoma. Ilimtosha kukaa barazani akatega sikio. Amri za serikali zenyewe zilitanguliwa na mlio wa mgambo, ile pembe iliyogongwa kwa kijiti, na mpiga mbiu aliposimama njia panda watu walimzunguka, kwani walijua lipo jambo. Vitabu vingi vinavyousifu mji ule vimeshughulika na majumba yake, milango yake ya nakshi na Beit el Ajaib iliyojengwa mwaka 1883, vikawapita upesi waliouza, waliotangaza na waliotumbuiza. Hiyo naiona kuwa dhuluma, maana hao ndio waliowajulisha wenyeji mji wao wenyewe.

Mji wa Unguja ulikuwa sehemu mbili: Mji Mkongwe wa nyumba za mawe, na Ng'ambo ya nyumba za udongo na makuti, na baina yao hori la bahari lililojaa na kukauka kwa kufuata maji. Daraja lililovuka hori hilo ndilo lililopapa Darajani jina lake, na hapo ndipo soko kuu lilipojengwa mwaka 1904, mahali ambapo mchukuzi wa Ng'ambo na mpishi wa nyumba kubwa za mjini walikutana kila asubuhi. Samaki waliuzwa kwa mnada, dalali akitaja bei mfululizo, akipandisha kidogo kidogo, hadi pale asipopatikana wa kuongeza. Na wanawake waliokwenda Mchangani kutafuta kanga mpya walirudi na habari za kanga zilizotoka kabla hata ya kuzikata na kuzipinda.

Lakini hakuna aliyepita mitaani kwa adabu kama muuza kahawa. Alichukua dele lake la shaba, makaa yakiwaka chini yake, na katika mkono wa pili alishika vikombe vidogo vya kaure alivyovigonganisha kwa vidole, vikatoa mlio mwembamba wa haraka haraka. Na aliyekuwa ndani alijua kwa mlio huo kwamba kahawa imefika mtaani, bila ya mwenyewe kufumbua kinywa. Wazee walikunywa kikombe cha pili na cha tatu kwa kashata, na katika muda huo, ambao haukuwa mrefu, kila lililotukia tangu Malindi hadi Mkunazini lilikuwa limekwisha semwa na kupimwa. Upande wa wanawake habari zilikwenda kwa njia nyingine: wenye shughuli waliwatuma watu wao, nao wakapita nyumba hadi nyumba wakialika kwa jina, na kusahauliwa mlango mmoja kuliweza kuzaa chuki ya miaka.

Historia ya tarabu huelezwa aghalabu kwa kuanzia ikulu. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchi ya Misri akajifunze kupiga ala iitwayo kanuni, naye aliporejea akawafundisha wengine. Na mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Hayo ni sahihi, na waasisi hao wanastahili heshima yao. Hata hivyo nyimbo za mwanzo ziliimbwa kwa Kiarabu, na sauti iliyoifikisha tarabu kwa umma wa Waswahili ilitoka Fumba, kwa Siti binti Saad, binti wa aila fukara, ambaye kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911 alikuwa akitembeza vyungu vilivyofinyangwa kwao, akivinadi kwa sauti iliyowafikia wanunuzi kabla yeye hajaonekana. Naamini kwa dhati kwamba biashara hiyo ndiyo iliyomfunza kuimba kwa watu wasiojuana naye, wenye shughuli zao, akawasimamisha. Na alipokuwa mwimbaji mashuhuri hakuacha kutangaza: wimbo wake uitwao Kijiti ulibeba habari za mwanamke aliyeuawa na muuaji aliyetoroka, na asiyepata kukanyaga mahakamani aliijua kesi hiyo kwa kuusikia. Mwaka 1928 alisafiri Bombay pamoja na wapigaji wake kurekodi santuri, nazo zilipofika pwani zikapigwa mikahawani, mnunuzi wa kikombe kimoja akipata tarabu bila ya mwaliko.

Sikukuu za Idi zilikuwa na uwanja wao, Mnazi Mmoja, ambako watoto katika nguo mpya walimaliza senti zao kwa pembea na vitu vitamu. Na tangu bustani ya Forodhani ilipotengenezwa mwaka 1936, kwa jubilei ya Seyyid Khalifa bin Harub, watu walipata mahali pa kupunga upepo jioni wakikabili bahari.

Tamasha moja halikungoja mbiu ya mjini. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambako wanaume hupigana kwa migomba na kibanda cha makuti huchomwa moto, hufuata hesabu ya Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365 uliogawanywa katika miongo ya siku 10. Na kwa kuwa haumo mwaka mrefu katika hesabu hiyo, siku yake husogea nyuma polepole katika kalenda ya Kizungu, na sasa huangukia mwezi wa Julai. Waliohifadhi miongo ni wavuvi na wakulima, waliopangia kwayo safari za bahari na upanzi, na mtu wa mjini, pamoja na soko lake na santuri zake, alilazimika kuwauliza watu wa shamba ni lini aende.