Mavazi ya Kumeremeta: Kutoka Majukwaa ya Marekani hadi Kibera na Kawangware

Mzazi wa Mji wa Kale au Likoni akifungua simu ya mwanawe siku hizi, hakosi kukuta picha ya kijana wa Nairobi aliyevaa koti la rangi saba, miwani iliyotengenezwa kwa waya na viatu vilivyopakwa rangi ya dhahabu. Swali huwa ni moja: huyu amevaa nini, na ameyatoa wapi? Makala haya yanaeleza asili ya mtindo huo, ulivyofika Kibera na Kawangware, na kwa nini unatuhusu sisi watu wa Pwani.

Mtindo wenyewe ni upi

Wenyewe huuita glamu. Ni uvaaji wa jukwaani ambapo mwanamuziki hatoki mbele ya watu kama fulani bin fulani, bali kama mhusika wa mchezo wa kuigiza. Nguo hung'ara, uso hupakwa rangi, nywele huinuliwa, viatu hurefushwa. Watu huja kusikiliza wimbo na pia kutazama.

Marekani ilikuwa na watu wa namna hii tangu miaka ya 1950, Little Richard akiwa na nywele zake za kupanda na vipodozi usoni. Uingereza ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa David Bowie, aliyejigeuza kiumbe wa anga aitwaye Ziggy Stardust mwaka 1972, na Elton John na miwani yake isiyo na idadi. Mwaka 1973 kundi la KISS lilianza New York, wanamuziki wake wakijichora nyuso. Wamarekani weusi nao walikuwa na njia yao: kina mama wa Labelle walivaa kama wasafiri wa anga, na kundi la Parliament-Funkadelic likateremsha chombo cha anga juu ya jukwaa. Mwaka 1983 Michael Jackson alivaa glavu moja tu ya kumetameta, na dunia nzima ikaikumbuka. Mwaka 2010 Lady Gaga alivaa gauni la nyama mbichi kwenye tuzo za MTV. Hapo tena mtindo haukuwa wa pembeni. Ulikuwa umeingia katikati ya soko la muziki.

Ulivyofika Nairobi

Picha zilikuja kwa kanda za video, kisha televisheni, kisha simu. Lakini nguo zenyewe zilipitia kwetu. Marobota ya mitumba hushukia bandari ya Mombasa. Mengine hubaki Kongowea, mengine hupanda bara hadi Gikomba, na kutoka huko hufika soko la Toi lililo ubavuni mwa Kibera, na vibanda vya Kawangware. Wachuuzi huliita fungu bora la robota "kamera". Humo ndimo hutoka koti la bendi ya shule ya Marekani lenye vifungo vya shaba, gauni la dansi lenye vipande vya kung'ara, au suti ya zambarau ambayo mwenyewe aliivaa mara moja akaichoka. Kwa bei ya chakula cha mchana, kijana wa Kibera hupata vazi la jukwaani. Kisha fundi hulipunguza, hulibandika kitenge mgongoni, na likawa jipya.

Kibera: fundi amekuwa jina

Anayetajwa sana ni David Avido, mbunifu aliyekulia Kibera, mwenye nembo ya Lookslike Avido. Nguo zake za vitambaa vya rangi kali zimevaliwa na wanamuziki wa hapa na wa nje. Mwaka 2020, wakati wa korona, alitumia mabaki ya vitambaa kushona barakoa akawagawia majirani bila malipo. Mwaka 2023 yeye na wenzake walifanya maonyesho ya Kibera Fashion Week, na wageni wakaenda kuyatazama Kibera kwenyewe badala ya kwenye hoteli za katikati ya mji.

Nje ya Kibera yuko Cyrus Kabiru, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984. Hutengeneza miwani mikubwa kwa vyuma, waya na taka zilizookotwa, na huiita C-Stunners. Kazi zake zimeonyeshwa Ulaya na Marekani. Elton John alivaa miwani ya ajabu. Kabiru aliiunda kwa vitu vilivyotupwa.

Haki tuseme pia kwamba si kila msanii wa Kibera anameremeta. Stivo Simple Boy alipata umaarufu kwa kuonekana mtu wa kawaida kabisa, na jina lake linajieleza.

Kawangware: jukwaa lenye magurudumu

Kawangware, magharibi mwa Nairobi, inajulikana kwa nambari ya matatu yake, 46, kama vile mwanamuziki Octopizzo alivyolipa umaarufu jina la Namba Nane kutokana na matatu ya Kibera. Huku glamu huivai tu, unaipanda. Matatu iliyopambwa, ambayo vijana huiita nganya, ina taa za rangi, muziki wa kutikisa kifua na sura za waimbaji wa Marekani ubavuni. Kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2004 zilifuta michoro hiyo na kuleta mstari wa manjano. Baadaye serikali ililegeza, na wachoraji wakarudi kazini. Wachoraji, mafundi wa vyuma na mafundi wa viti, wote hula kwa urembo huo.

Je, ni jambo geni kwetu?

Hapa ndipo nawaomba wazee wenzangu tusikasirike mapema. Mwishoni mwa karne ya 19, miji ya Pwani kama Lamu na Mombasa ilianzisha ngoma ya beni. Vijana walivaa sare za kijeshi za Kizungu, wakapeana vyeo vya maafisa na kushindana mtaa kwa mtaa kwa tarumbeta na kwa mavazi. Kina mama wa Mombasa nao walikuwa na vyama vya lelemama, na sare zao zilikuwa sehemu ya ushindani. Hata kitambaa cha amerikani kilichovaliwa Pwani nzima kilipata jina lake kwa wafanyabiashara wa Marekani waliokileta Unguja karne hiyo hiyo ya 19.

Kibera yenyewe ina mizizi ya Kiislamu. Jina latokana na Kibra, yaani msitu kwa Kinubi, nalo lilitolewa na askari Wanubi waliokuwa katika jeshi la Waingereza na kukaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2017 jamii hiyo ilipewa hati ya ekari 288. Ukihudhuria harusi ya Wanubi na kuwaona kina mama na gurbaba zao za rangi wakicheza doluka, utajua kwamba Kibera haikungoja televisheni ijue kupendeza.

Neno kwa wazazi

Dini yetu haikukataza pambo. Imekataza israfu, kiburi na kuacha stara, tena imekataza mwanamume kujifananisha na mwanamke. Mipaka hiyo haibadiliki kwa sababu jukwaa lina taa, na gauni la nyama si la kuigwa na mtu mwenye akili. Vilevile uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: kijana anayekopa ili aonekane kwenye simu amevaa deni.

Lakini kushona ni kazi ya halali, na hapa ndipo tunapoachwa nyuma. Robota hupita bandarini kwetu likiwa takataka ya Mmarekani, likafika Kibera likawa bidhaa yenye jina la mwenye kuishona. Sisi tuna Biashara Street na leso zake, tuna mafundi wa kanzu na kofia za kushona kwa mkono Lamu, na ni wangapi kati yao wanaojulikana kwa majina hata Mombasa?

Basi mwanao akikuonyesha koti la kumeremeta, kabla ya kumfokea muulize limeshonwaje. Akiweza kukueleza mshono kwa mshono, mtafutie cherehani na fundi wa kumfundisha.