Stahamala Si ya Mtu Mmoja: Kazi na Ushirika Katika Ufuko wa Mwanza

Wako watu waungwana, wenye nia njema, ambao kila wamwonapo kijana aliyemaliza masomo akizunguka na bahasha ya vyeti katika mitaa ya Mwanza humpa nasaha mbili: avumilie, na ajiajiri. Nasaha hizo si batili, lakini ni nusu ya haki, na nusu ya haki ikisemwa kana kwamba ndiyo yote humdhulumu anayeambiwa. Muradi wa makala haya ni kubainisha kwamba stahamala katika nyakati za dhiki, kwa jinsi historia ya ufuko huu inavyoshuhudia, haikutokana kamwe na moyo mgumu wa mtu mmoja peke yake; ilitokana na vyama, mizani ya haki, mikopo yenye huruma na amana baina ya watu, na kila mambo hayo yalipovunjwa, hodari mwenye subira alianguka sawa na mvivu. Ushahidi wetu tutautoa katika kazi tatu zilizoilisha Mwanza, nazo ni pamba, samaki na uchuuzi.

Tuanze na pamba. Mji huu, ulioanzishwa na Wajerumani mwaka 1892 kuwa kituo cha utawala, ulipata reli kutoka Tabora mwaka 1928, na tangu hapo riziki ya wakazi wake imefungamana na masoko ya mbali ambayo wao hawana sauti ndani yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mkulima wa Usukuma alikuwa na jembe, alikuwa na nguvu, na alikuwa na subira ya kungojea mvua. Alichokosa ni mizani iliyo aminifu. Pamba yake ilipimwa na mnunuzi, naye mnunuzi ndiye aliyesoma uzani na ndiye aliyelipa, hata manung'uniko ya kupunjwa yakaenea jimbo zima. Dawa ya dhuluma ile haikuweza kuwa kumhimiza mkulima aongeze bidii, maana bidii inayoongezwa mbele ya mizani ya hila humtajirisha mwenye mizani. Dawa yake ilikuwa ushirika: Paul Bomani, kiongozi wa ushirika wa pamba, na wenzake walianza na umoja wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, wakaendelea na chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 vyama vya msingi vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, shirika ambalo kufikia mwaka 1960 lilishughulikia pamba karibu yote ya jimbo na kumiliki viwanda vya kuichambua. Ndani ya ushirika huo zilizaliwa kazi za ukarani, za upimaji, za udereva na za ufundi wa mitambo. Na mkulima, ijapokuwa bei ya dunia haikumsikiliza, alikuwa na wenziwe wa kushuka nao bei iliposhuka.

Wala fikra ya namna hiyo haikuwa ngeni katika nchi. Wasukuma walikuwa tangu zamani na elika, jamii ya vijana waliolima mashamba kwa pamoja, leo kwa huyu na kesho kwa yule, wakipokea ujira au karamu. Na bugobogobo, ngoma ya majembe inayopendwa hadi leo, ni shahidi wa desturi hiyo. Kijana aliyeingia katika kundi la namna hiyo alipata kazi, na fauka ya kazi alipata watu wanaojua jinsi anavyofanya kazi. Jambo hili la pili lina thamani kuliko la kwanza, kwa sababu kazi huisha msimu unapokwisha, ilhali sifa ya mtu hubaki kwa wenziwe na humtangulia aendako.

Haki inatulazimisha kukiri kwamba ushirika nao uliugua. Tume ya Rais iliyochunguza vyama mwaka 1966 ilikuta ubadhirifu, upendeleo na uhaba wa watu wenye ujuzi wa hesabu. Shirika lile la Victoria likawekwa chini ya mkono wa serikali na kuundwa upya kwa jina la Nyanza. Kisha mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa nchi nzima, na kazi zake zikakabidhiwa vijiji na mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua mlango wa kuvirudisha, lakini imani iliyojengwa na watu kwa hiari yao hairudi kwa tangazo. Maradhi ya hesabu yalihitaji wakaguzi na wanachama wenye elimu, nayo yalitibiwa kwa kumzika mgonjwa.

Kazi ya pili ni samaki. Sangara, aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, aliongezeka sana katika miaka ya 1980 na kuwamaliza furu wa aina nyingi, na katika miaka ya 1990 viwanda vya kumkata minofu vikajengwa Mwanza, vikaajiri maelfu ya vijana wa kike na wa kiume. Minofu ilikwenda Ulaya. Vichwa na mifupa, ambavyo watu wa hapa huviita mapanki, vilibaki kuwa riziki ya kina mama waliovikaanga na kuviuza kwa wasiomudu samaki mzima. Mwishoni mwa muongo ule Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili zaidi ya mara moja, kwa hofu ya vijidudu, ya kipindupindu na ya sumu iliyosemekana kutumiwa katika uvuvi, na papo hapo bei mialoni, yaani katika vituo vya kupokelea samaki, ikaanguka na viwanda vikapunguza watu. Ni nani basi aliyestahimili? Aliyekuwa na mwajiri mmoja, chumba cha kupanga na hana chama, mshahara ulipokatika hakuwa na pa kushika. Bali mwanamke aliyekuwa katika kikundi cha kuweka na kukopa, mwenye shamba la mihogo kwao Ukerewe au Sengerema na mteja wa dagaa mjini, alipunguza matumizi, akabadili bidhaa na kuendelea. Hakumzidi mwenzake kwa ushujaa wa moyo. Alimzidi kwa idadi ya mikono iliyomshika.

Leo, sangara wakiwa wamepungua na viwanda kadhaa vimefungwa, dagaa ndiye anayewalisha wengi, naye huuzwa katika soko la Mwaloni, Kirumba, kwa wafanyabiashara wanaompeleka hadi Kongo. Anayetaka kujua jinsi kazi inavyopatikana na aangalie mwaloni. Mvuvi mgeni hapandi mtumbwi kwa cheti, bali kwa mtu anayemdhamini. Wavuvi hugawana mapato ya usiku kwa mafungu baada ya gharama kutolewa. Na mbalamwezi inapozidi, taa zisiweze kuwavuta dagaa, kazi husimama na kila mtu huishi kwa akiba yake au kwa kukopeshwa na anayemwamini. Hapa pana ila yake pia: wakala akimpa mvuvi nyavu na injini kwa sharti la kumuuzia yeye peke yake, kwa bei atakayoipanga yeye, amana imegeuka minyororo, na mizani ya hila ya zama za pamba imerudi kwa sura nyingine.

Tuje kwa uchuuzi, ambao ndio makimbilio ya wengi, wakiwamo waliosoma katika vyuo vya jiji hili. Mtaa wa Makoroboi umepata jina lake kwa mafundi waliogeuza makopo matupu kuwa taa za mafuta, na hapana shahidi bora wa akili ya watu wasiokuwa na mtaji. Lakini dola imemtazama mchuuzi kwa macho yanayobadilika: sheria ya nguvukazi ya mwaka 1983 ilimhesabu asiyekuwa na kazi inayotambulika kuwa mzururaji, mwishoni mwa mwaka 2018 akauziwa kitambulisho kwa shilingi 20,000 na kuahidiwa amani, mwaka 2021 akaondolewa barabarani kupelekwa maeneo mapya, ambayo baadhi yako mbali na wapita njia. Vivyo hivyo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo sheria imewawekea wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata. Mtu anaweza kustahimili umaskini. Ni vigumu zaidi kustahimili kanuni zisizotabirika, kwa maana anayepanga mambo yake kwa mwaka hushindwa na amri ya wiki moja.

Huenda msomaji akapinga na kusema kwamba wako waliofanikiwa peke yao kwa juhudi zao. Juhudi hatuzikanushi, maana bila hizo hata chama bora hakimfai mtu. Lakini mfuatilie yeyote kati ya hao, naye akisema kweli atamtaja shangazi aliyempa mtaji, fundi aliyemruhusu kushika zana, au tajiri aliyempa mzigo kwa mali kauli. Kumsifu kwa juhudi na kuwasahau hao ni kumfunza kijana mwingine njia isiyokuwapo.

Kwa hiyo kijana anayetafuta kazi katika ufuko huu namshauri mambo matatu. Ajifunze ufundi mmoja unaoonekana kwa macho, uwe wa injini, wa hesabu au wa kukausha samaki kwa usafi. Aingie katika kikundi chenye daftari linalosomwa mbele ya wote. Na ailinde sifa ya uaminifu hata katika kibarua cha siku moja. Halmashauri na serikali nazo zinadaiwa matatu: mizani iliyokaguliwa katika kila mwalo, mikopo isiyokatizwa, na kanuni za uchuuzi zinazodumu na zilizoshauriwa na wachuuzi wenyewe. Mwenye mamlaka asiyetimiza haya hana haki ya kumhubiria kijana subira.