Mkanda wa kichwa: toka migongo ya Walikale mpaka kaske ya uhalisia pepe

Leo tuongee historia ya kitu kidogo: mkanda wa kichwa. Kwetu Masisi kila mtu anaujua. Ni ule unaopita kwenye paji la uso, unashuka nyuma na kushika mzigo wa kuni, wa viazi ao wa maharagi mgongoni. Kumbe kule mbali, mkanda wa namna hiyo uliwasumbua mainjiniera kwa miaka karibu 50.

Mwaka 1968, Ivan Sutherland, mwalimu wa Harvard huko Marekani, alitengeneza pamoja na wanafunzi wake kaske ya kuonyesha picha za kompyuta mbele ya macho. Ilikuwa nzito kwa shingo ya mtu, basi wakaining'iniza kwenye dari. Mwaka 1995 Nintendo walitoa Virtual Boy. Hiyo ilisimama juu ya meza kwa miguu yake, mchezaji akainamisha kichwa. Haikuenda mbali sokoni.

Aprili 2016, HTC ya Taiwan wakaanza kuuza Vive. Picha zilikuwa nzuri, lakini kaske ilifikia nusu kilo hivi, karibu uzito wote uko mbele, na ilishikwa na mkanda laini wa kuvutika. Ili isiteleze ilibidi kuikaza, na ukiikaza inabana mashavu. Tena ilibidi kuvaa ekuteri pembeni, na waya zake juu. Watu walilalamika. Juni 2017 kampuni ikaleta mkanda mwingine, Deluxe Audio Strap, kwa dola 99.99: mkanda mgumu, wenye mto nyuma ya kichwa, gurudumu dogo la kukaza, na ekuteri zimefungwa humo humo.

Tazameni vizuri hapo. Mkanda mpya haukupunguza uzito hata gramu moja. Ulibadilisha tu mahali uzito unapokaa: ukatoka usoni, ukaenda nyuma ya kichwa. Hiyo elimu mama zetu wa Masisi wanayo tangu zamani. Mkanda uwe mpana kuliko kamba. Kitambaa kiwekwe chini yake ili ngozi isiungue. Mzigo ukae karibu na mgongo, usivute nyuma. Dawa si kupunguza kilo peke yake, ni kuzigawanya vizuri.

Sasa, ndani ya vyombo hivi vya elektroniki kuna nini? Kuna vipande vidogo vya kuhifadhi umeme, vingine vinatengenezwa na tantalum, inayotoka katika koltani. Na vipande vyote vinashikwa na bati, ile mafundi wa simu wanayeyusha kwa chuma ya moto. Bati inatoka katika kasiterite. Koltani ni Rubaya, katika Masisi. Kasiterite ni Bisie, katika Walikale.

Mwaka 2000, wakati wa vita na utawala wa RCD-Goma, bei ya tantalum ilipanda vikali sana juu ya simu na michezo ya kompyuta. Vijana wengi waliacha majembe, wakaingia katika mashimo. Mwaka 2001 bei ikaanguka, lakini kilima kilichochimbwa hakirudi kuwa shamba kwa sababu bei imeshuka. Udongo wa juu umekwisha kushuka na mvua.

Bisie ilianza kuchimbwa karibu 2002. Barabara haikuwako. Wapagazi walibeba gunia za kilo 50 mgongoni, siku mbili katika pori, kisha madini yakapakiwa katika ndege ndogo zilizotua juu ya lami, pale Kilambo. Toka 2006 mpaka mwanzo wa 2009, brigadi ya 85 ilishika mgodi na kutoza kodi njiani. Mpagazi alilipa kwa shingo yake, kisha akalipa tena kwenye kizuizi.

Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alifunga uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema. Ukafunguliwa Machi 2011. Baadaye kampuni ya Alphamin ikatengeneza barabara mpaka Bisie, na toka 2019 inatoa bati kwa mashine. Machi 2025 ilisimamisha kazi wakati M23 ilipokaribia na kuingia Walikale, kisha ikaanza tena Aprili. Na Rubaya? Iko mikononi mwa M23 toka mwaka 2024, na Umoja wa Mataifa unahesabu kama karibu 15% ya tantalum ya dunia inatoka pale.

Juu ya nini mkanda wa Vive ulipata dawa kwa miezi 14, na mkanda wa mpagazi ungali ule ule? Si kwa sababu huku hatuna akili. Chukudu ni yetu: mbao, magurudumu yaliyovalishwa mpira wa gari kuukuu, na inabeba gunia nyingi kwa mara moja. Lakini chukudu inafuata barabara. Barabara ikiisha, mzigo unarudi kichwani. Sababu ya kweli ni kama mnunuzi wa kaske anasikilizwa: akilalamika, kampuni inaona dola. Mpagazi akilalamika, mwenye gunia anatafuta mpagazi mwingine.

Sisi wa-lisansie wa kilimo, hiyo inatuhusu moja kwa moja. Tunafundisha mbegu bora na mbolea, tunafurahi mavuno yakiongezeka mara mbili. Lakini mavuno mara mbili, bila njia ya kutoka shambani, ni mzigo mara mbili kwenye paji la uso la mama. Katika kila mradi tunaoandika, kabla ya kuhesabu tani kwa hektari, tuweke mstari mmoja: nani atazibeba, kwa umbali gani, na kwa nini. Kama jibu ni "wamama, kwa kichwa", mradi haujaisha kuandikwa.