Peptidi za maabara: namna ya kuzihifadhi na kuzitayarisha

BUSIA/TORORO – Peptidi ni minyororo mifupi ya asidi amino. Oksitosini, inayozuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua, ina asidi amino 9. Insulini ina 51. Joto huzipunguzia nguvu bila kubadili sura yake, hivyo mnunuzi hawezi kuligundua tatizo kwa macho.

Kuhifadhi
Peptidi za utafiti kwa kawaida huuzwa zikiwa unga mkavu. Unga huo huwekwa kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi, mbali na mwanga na unyevu. Zenye sisteini au methionini huharibiwa pia na hewa.

Oksitosini na insulini za hospitali ni za maji. Hizo hukaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Insulini iliyoganda haifai tena na hutupwa. Mwaka 2019 WHO, UNICEF na UNFPA zilisisitiza kwamba oksitosini isafirishwe na kutunzwa katika baridi hiyo.

Kutayarisha
1. Kichupa kiachwe kifikie joto la chumba kabla ya kufunguliwa. Kikifunguliwa kingali baridi, unga hunyonya unyevu wa hewa.
2. Jaribu kuyeyusha kiasi kidogo kwanza, kwa maji yaliyotakaswa. Peptidi yenye chaji chanya ikigoma, huongezewa asidi asetiki kidogo.
3. Gawa mchanganyiko katika vichupa vya kutumia mara moja. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara huziharibu.

Wanunuzi wazingatie bei: usafi wa asilimia 98 haumaanishi uzito wote ni peptidi. Ndani ya unga mna pia chumvi na maji. Ulizia kiasi halisi cha peptidi.

Mpakani
Dawa zinazoingia Uganda husimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa (NDA). Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu (PPB). Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, kiliwekwa ili mizigo ikaguliwe mara moja, upande inakoingia. Hata hivyo karatasi zisizokamilika huuzuia mzigo, na barafu haisubiri. Vibali vikamilishwe kabla gari halijaondoka, iwe ni kupitia Busia au Malaba, wilayani Tororo.

Peptidi yenye lebo ya "kwa utafiti tu" si dawa. Isiuzwe dukani wala kudungwa mtu.