Deni la Mkonge

Mimea iliyoletwa katika mwambao wetu na mikono ya wageni ni mingi, na mingi katika hiyo imekwisha kuwa yetu kwa mazoea: muhogo na mahindi kutoka Amerika, mkorosho kutoka Brazili, mkarafuu ambao asili yake ni visiwa vya Molukka, lakini hapana hata mmoja uliokuja kwa idadi ndogo vile, kwa safari ya taabu vile, na kwa kusudi la tijara tupu, kisha ukageuza sura ya ardhi na maisha ya watu wengi kama ulivyofanya mkonge katika nchi ya Tanga. Historia yake imeandikwa mara nyingi kwa hesabu za tani na paundi, na hesabu hizo zina haki yake. Walakini mtu hawezi kuifahamu sawasawa asipoanza na tabia ya mmea wenyewe, kwa sababu neema na nakama zote zilizofuata zilitoka humo.

Mkonge ni wa jamii ya mimea yenye majani manene, iliyojaaliwa kuweka akiba ya maji mwilini mwake na kuitumia kwa uchache. Mchana, jua linapowaka, huvifumba vitundu vya pumzi vilivyomo majanini, na usiku, hewa ikiisha kupoa, huvifumbua. Hata mvua ikikosekana miezi mingi, na mihindi ya jirani imekwisha kunyauka, wenyewe husimama wima na mwiba wake mweusi nchani. Mbuzi hautamani, wala hauhitaji mtu wa kuumwagilia. Yeyote aliyepata kulima katika nchi ya mvua za mashaka, akapanda mara mbili na tatu mbegu zilizokauka kabla ya kuota, ataelewa faraja ya kuwa na kiumbe shambani asiyemkosesha usingizi wingu linapopita bila kunyesha. Lakini huo mmea usio na haraka ya kufa hauna haraka ya kutoa pia. Miaka miwili au mitatu hupita, na penye ardhi dhaifu zaidi ya hiyo, kabla jani la kwanza halijafaa kukatwa. Tangu hapo hukatwa kila mwaka, mpaka ukiisha kutoa majani 200 au 250 huinua mlingoti wa mita tano au sita, ukachanua, ukazaa juu yake miche midogo kwa mamia na maelfu, kisha ukafa. Umri wake aghalabu ni kati ya miaka 7 na 12, na mwenye kuupanda hufungwa kwa muda wote huo, bei ipande au ishuke.

Kabla ya huo wa kigeni kufika, pwani ilikuwa na mkonge wake wa asili, ule wa vichakani wenye majani marefu ya mabaka, ambao wazee walisokota nyuzi zake kwa kamba na mitego. Wajerumani wa kampuni ya Afrika ya Mashariki waliujaribu huo pia, wasiridhike nao. Walikuwa wakitafuta zao la kuokoa rasilimali yao, maana kahawa waliyoipanda katika milima ya Usambara, wakidanganyika na uzito wa msitu, iliwavunja moyo: udongo ulioonekana wenye rutuba chini ya miti ulichujwa na mvua mara miti ilipokatwa. Ndipo bwana shamba wao, Richard Hindorf, alipoelekeza fikira zake kwenye mmea wa Meksiko uliokuwa ukijulikana kwa jina la Sisal, bandari ya Yucatán, na ambao mbegu yake ilikuwa imekwisha kuhamishiwa Florida na Henry Perrine, aliyekuwa konsuli wa Marekani mjini Campeche. Mwaka 1893 iliagizwa miche 1,000 kutoka Florida. Ilivuka bahari mpaka Hamburg, na kutoka Hamburg ikavuka bahari nyingine mpaka Tanga. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Mimea ya aina nyingine nyingi ingalikwisha yote njiani. Hiyo 62 ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kwa kuwa kila mlingoti huzaa miche kwa wingi, kabla ya karne kwisha ilikuwa imekwisha kuwa maelfu kwa maelfu.

Si jambo la kupita bila kuangaliwa kwamba mahali palipopokea miche ile palikuwa Pangani. Bonde lile lilikuwa na mashamba makubwa ya miwa, ambayo Waarabu na Waswahili wenye mali waliyalimisha kwa watumwa, na sukari yake ilisafirishwa kwa majahazi. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani na kunyongwa papo hapo Pangani mwezi wa Desemba 1889, alikuwa mwenyewe mmoja wa wenye mashamba hayo. Miaka minne tu baada ya kunyongwa kwake mkonge ukaingia. Desturi ya shamba kubwa lenye bwana mmoja na mikono mingi isiyokuwa na hiari ilikuwa imekwisha kuzoeleka katika ardhi ile, na mmea mpya ukaikuta ikiungoja.

Aliyeutaka mkonge alikuwa mkulima wa ngano wa Amerika na Ulaya. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19 zilizuka mashine zilizovuna ngano na kuifunga miganda kwa pamoja, na kila mganda ulihitaji uzi. Kwa hiyo jani lililokatwa Pangani na Muheza lilikwenda kufunga mavuno ya watu wasiopata kusikia jina la Pangani. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi kabla ya vita vikuu vya kwanza, na kandokando yake mashamba yakafuatana. Mwaka 1913 koloni ilipeleka ng'ambo zaidi ya tani 20,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Mpira, uliokuwa ukishindana nao, ulianguka mwaka uo huo kwa bei ya mpira wa Asia, na mkonge ukabaki peke yake katika nyanda za chini. Miche yake ilikwisha vuka mpaka pia, ikashika Thika, Voi na Taita, kisha pwani ya Kilifi. Vita vilipokwisha, mashamba ya Wajerumani yakanadiwa na serikali ya Kiingereza, yakaangukia mikononi mwa Waingereza, Wagiriki, Waswisi na Wahindi, akina Karimjee miongoni mwao. Mabwana walibadilika, utaratibu wa kazi haukubadilika.

Na juu ya kazi hiyo inafaa kukaa kidogo, kwa kuwa wengi wanaosifu uvumilivu wa mkonge huusahau uvumilivu wa waliouhudumia. Mkataji huingia mstarini alfajiri, kabla jua halijawa kali. Kwanza huondoa mwiba wa nchani, maana usipoondolewa hutoboa jicho au paja. Kisha hukata majani ya chini moja moja karibu na shina, akiyafunga mafungu ya majani 30, na kuyabeba mpaka kando ya njia ya toroli. Utomvu wa jani huwasha ngozi, na jani bichi ni zito kwa sababu ya yale maji yanayousaidia mmea kustahimili kiangazi: katika kila mia ya uzito wake, singa ni kama nne tu, na zilizobaki ni maji na nyama ya jani. Kwa hiyo mtu aliyebeba mafungu yale kutwa nzima, alibeba maji zaidi ya alivyobeba mali. Jani halina budi kufika kiwandani upesi baada ya kukatwa, likapite katika ile mashine kubwa ya kuchambua iitwayo korona, inayopiga na kukwangua huku maji mengi yakimiminika. Kisha singa huanikwa juani juu ya waya, hupigwa brashi katika vumbi linaloingia mapafuni, hupangwa kwa daraja na kushindiliwa marobota.

Watu wa Tanga wenyewe, Wabondei, Wadigo, Wasegeju na Wazigua, walikuwa na minazi yao, mashamba yao na bahari yao, na aghalabu hawakutaka kazi hiyo kwa ujira uliotolewa. Basi mikono ikatafutwa mbali: Unyamwezi na Usukuma, Uha, Ubena, Ungoni, nchi ya Wamakonde ng'ambo ya Ruvuma, na Ruanda-Urundi. Waliokuja kwa mikataba waliandikwa nambari, wakaitwa manamba, wakasafirishwa kwa malori na gari la moshi, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU. Kila mtu alipewa kipande chenye nafasi za siku 30, na siku haikuandikwa mpaka kazi ya siku imetimia. Aliyeugua au aliyeshindwa kutimiza idadi ya mafungu aliipoteza siku ile bure, na ujira ulikuja baada ya kipande kujaa. Mimi nasema bila kusita kwamba bei rahisi ya singa za Tanganyika ilitengenezwa hapo, katika nafasi zile za kipande, kuliko ilivyotengenezwa na rutuba au hekima ya bwana shamba. Meksiko nako, katika mashamba ya Yucatán, Wamaya walifungwa kwa madeni wakikata mmea ulio ndugu wa huu.

Pamoja na hayo, ingekuwa kukosa insafu kusema kwamba kambi za mkonge hazikuwa na kitu ila dhiki. Watu wa makabila yasiyopata kuonana walikaa safu moja ya nyumba, wakafundishana ngoma, wakaoana, na kwa kuwa hapana lugha ya kwao iliyotosha, wakaongea Kiswahili. Aliyerudi Kasulu au Songea alirudi na lugha hiyo kinywani. Wengi hawakurudi, na wajukuu wao ni watu wa Korogwe na Muheza hivi leo. Na kambi hizohizo ndizo zilizowapa watu mahali pa kuungana: chama cha wafanyakazi wa mashamba kikazuka katika miaka ya 1950, Victor Mkello akawa kiongozi wake, na mgomo wa shamba la Mazinde wa mwaka 1958 ukawaonyesha wenye mashamba kwamba zama zao za kuamua peke yao zinaelekea ukingoni.

Kabla ya hapo faida ilikuwa imekuwa kubwa kupita kiasi. Wajapani walipoziteka Filipino na Java katika vita vikuu vya pili, kamba za manila na mkonge wa Java zikapotea sokoni, na mataifa yaliyobaki yakaigeukia Tanganyika. Vita vya Korea vikaipandisha bei tena. Kila mwenye ardhi akapanda. Lakini hapa ndipo tabia ya mmea ilipodai haki yake, kwa kuwa mkonge uliopandwa bei ikiwa juu ulikuwa tayari kukatwa miaka mitatu baadaye, bei ikiwa pengine, na haukuweza kung'olewa bila hasara wala kubadilishwa kama mahindi. Mwaka 1964 nchi ilitoa takriban tani 230,000, kiasi kisichopata kufikiwa kabla wala baada. Na papo hapo bei ikaanza kuanguka, kwa maana wanakemia walikuwa wamekwisha pata uzi wa plastiki usiohitaji mvua, wala ardhi, wala mkataji.

Deni jingine lilikuwa chini ya udongo. Kwa muda mrefu ilisadikiwa kuwa mmea huu hauhitaji chochote, maadam unastawi penye mawe na ukame. Kumbe unavumilia kukosa maji, si kukosa chakula. Jani linapopelekwa kiwandani huchukua chokaa na potasi nyingi ya shamba, na masalio yakitupwa mtoni badala ya kurudishwa, mzunguko wa pili wa kupanda huwa hafifu kuliko wa kwanza, na wa tatu kuliko wa pili. Wataalamu wa Mlingano, karibu na Ngomeni, walilionyesha hilo kwa majaribio ya miaka mingi, na kituo cha Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ndicho kilichoanza katika zama za Waingereza kazi ya kuoanisha mikonge iliyozaa ile namba 11648, yenye kutoa majani maradufu na zaidi kuliko mkonge wa Hindorf, na isiyo na miiba ya kando. Hiyo ni kazi ya elimu ambayo watu wa Tanga wana haki ya kuionea fahari, kwani hata Uchina hivi leo hulima namba hiyohiyo. Ijapokuwa nayo ina udhaifu wake, kwa kuwa huoza kwa maradhi ambayo mkonge wa zamani haukuyajali sana.

Baada ya Azimio la Arusha, serikali iliyatwaa mengi ya mashamba mwaka 1967, katika saa mbaya kuliko zote, bei ikiwa chini na udongo umechoka. Aliyepokea alipokea deni la waliomtangulia, na uongozi wa mbali haukulipunguza. Mwishoni mwa karne mavuno yalikuwa yameshuka mpaka takriban tani 20,000, yaani kadiri ileile ya mwaka 1913, na Brazili, ambayo wakulima wake wadogo wa Bahia huukata mkonge katika nyika kame, ilikwisha kuwa mbele kwa mbali.

Siku hizi, katika Korogwe na wilaya za jirani, sehemu ya mashamba ya zamani imegawiwa wakulima wadogo wenye mikataba ya kupeleka majani kwenye korona ya kampuni, na huko Hale yale masalio yaliyokuwa yakitupwa yametumika kuzalisha gesi na umeme. Dunia iliyochoshwa na plastiki imeanza kuulizia kamba ya mkonge tena. Mkulima wa namna hii huifaidi ile faraja ya kale ya mmea usioogopa kiangazi, na kati ya safu changa hupanda maharage ya kumlisha katika ile miaka ya kungoja; ila korona si yake, na jani lililokatwa halingoji, kwa hiyo mwenye mashine ndiye mwenye kauli juu ya bei. Kwa maoni yangu, mkataba wowote wa mkonge usiotaja bei kwa muda wa maisha ya mmea, na usiomrudishia mkulima masalio ya majani yake ayatie shambani, humwachia yeye peke yake mzigo wa miaka kumi, hali mnunuzi hujifunga kwa msimu mmoja.